Deo, usichome shamba la chini

Baba Mdogo Deo: Habari za jioni familia. Kesho alfajiri nateremka shamba la chini nichome mabua na nyasi, vuli isitukute hatujasafisha. Naomba vijana wawili.

Mama Neema: Shemeji, leo nimepita pale. Nyasi ukizishika zinavunjika mkononi. Na upepo wa siku hizi unaanza saa tatu.

Baba Mdogo Deo: Ndiyo maana nimesema alfajiri, shemeji. Baba alikuwa anachoma mwezi huu huu kila mwaka.

Bibi: Ninaandikiwa na Glory. Deo mwanangu, baba yako alichoma, ni kweli. Ila kwanza alilima pembeni kote ukanda wa udongo mtupu, hatua nne, na watu sita walisimama na matawi mabichi. Na mfongo, huu mfereji wetu, ulikuwa na maji. Jana nimeuvuka na kandambili, sikulowa hata kidole.

Kelvin: Shikamoo bibi. Kumbe mfongo umekauka kabisa?

Bibi: Marahaba. Umebaki tope kidogo kwenye banio.

Mama Neema: Mimi siusahau ule moto wa Mlima Kilimanjaro wa 2020. Ulianza Jumapili, tarehe 11 Oktoba, pale Whona, kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo. Usiku tulikaa uani tunaangalia mstari mwekundu unapanda. Asubuhi nilikuta majivu kwenye majani ya kahawa, nikiyagusa yanakuwa unga. Wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanakijiji walipanda kuuzima kwa matawi. Ziliungua kilomita za mraba zaidi ya 90.

Kelvin: Na 2022 tena, mlimani huko huko, kambi ya Karanga. Oktoba hiyo hiyo.

Neema: Shikamooni wote. Baba mdogo, naomba unisikilize kidogo. Wanasayansi wa Marekani walitoboa barafu ya kilele cha Kibo mwaka 2000, wakatoa vipande virefu vyenye matabaka ya miaka elfu na elfu. Ndani yake kuna tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, la ukame uliodumu takribani miaka 300. Mlima wetu umeshaona kiangazi kibaya kuliko hiki.

Baba Mdogo Deo: Sasa si unaniunga mkono? Ukame ulikuwepo, ukaisha.

Neema: Wakati ule hapakuwa na watu wengi hivi wanaongoja mfongo mmoja, baba mdogo. Na barafu yenyewe, mwaka 1912 ilikuwa kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika hata 2.

Kelvin: Si ndiyo hiyo inayotuletea maji, dada?

Neema: Kidogo sana. Maji yetu yanatoka msituni, kwa mvua na ukungu. Ile miti ya erika juu ya msitu, yenye ndevu za kijani, inanasa ukungu, maji yanadondoka tone tone hadi chini. Moto ukiipunguza, tunapoteza maji mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka barafu. Ndiyo maana naogopa moto wowote mwezi huu, hata wa shambani.

Baba Mdogo Deo: Mwanangu, shamba la chini liko mbali na msitu.

Mama Neema: Msitu uko mbali, lakini nyumba ya jirani iko hatua hamsini, ya makuti. Na mzee hatembei.

Bibi: Deo.

Baba Mdogo Deo: Naam mama.

Bibi: Ng'ombe wangu wawili wanakula migomba mikavu. Wewe unataka kuchoma mabua?

Baba Mdogo Deo: Basi, mama. Sichomi.

Mama Neema: Asante shemeji. Tutayakata tuyapandishe. Mimi nitakuja na kina mama watatu, nusu ya Bibi, nusu ya mzee jirani, naye ana mbuzi.

Kelvin: Natuma hela ya pikapu. Safari mbili zitatosha?

Baba Mdogo Deo: Tatu. Shemeji, njoo na panga na kamba, zangu zimeoza. Saa kumi na mbili tuwe pale, kabla ya upepo.