Mrejesho: gari la umeme nimelichukua Wolfsburg

Wakuu, niliuliza kama inafaa kulifuata gari jipya la umeme Wolfsburg, Ujerumani, kwenye kituo cha Volkswagen cha kukabidhi magari, badala ya kulisubiri kwa muuzaji. Nimelichukua, asanteni sana. Kuona magari yakishushwa kwa lifti ndani ya minara ya vioo ya mita 48, hiyo peke yake inalipa nauli ya treni. Aliyesema nikague waya wa kuchajia kabla ya kusaini, ubarikiwe: ulikuwa umefichwa chini ya sakafu ya buti.

Ushauri wa kutegemea kadi moja ya kuchajia ulifeli. Kituo cha kwanza barabarani kiliikataa, nikalipa kwa kadi ya benki, bei ya kuumiza. Bebeni mbili. Kuishia asilimia 80 njiani kumeokoa muda kweli. Juu ya hapo chaji inajikokota.