Tupeane uzoefu: uchambuzi wa shairi ulikuangusha wapi?

Naanza mimi. Kidato cha nne, Kisumu, mtihani wa majaribio. Tarbia, mishororo minne kila ubeti, na mimi nikahesabu mizani (silabi za kila mshororo) kwa macho. Nikaandika "shairi halina urari wa mizani", nikaifunga karatasi kwa raha. Mwalimu hakunikemea. Alinipa mshororo wake mwenyewe: "Mvuvi wangu wa Dunga, usiku waenda wapi". Mimi nikapata saba ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili). Akaniambia piga kofi: m-vu-vi-wa-ngu-wa-Du-nga. Nane! Hiyo "m" ya mvuvi inasimama peke yake, ilhali ya "mbuzi" imeshikana na "b": mbu-zi, basi. Wenzangu, nyinyi je?

*Mama Kondele:* Nacheka kwa sababu mimi ni jang'o (Mjaluo), "sh" kwetu husikika "s", na vina (silabi za mwisho wa vipande) viliniponza. Vina vya kati ubeti wa kwanza vilikuwa "-sa" (darasa, kabisa), wa pili "-sha" (maisha, kuwasha). Vya mwisho vilikuwa "-ni" kote. Sikio langu la nyumbani likasikia "-sa" tupu, nikajibu mtiririko, yaani vina vya kati na vya mwisho havibadiliki beti zote. Kumbe ukara, vya mwisho tu ndivyo vilivyodumu. Siku hizi vina navisoma kwa kidole, siyaamini masikio.

*Kijana wa Nakuru:* Mimi niliangushwa na uhuru wa mshairi, ile ruhusa ya kukiuka kanuni za lugha. Niliandika "alonipenda ni kosa, ilifaa aliyenipenda". Sufuri. Ile ni inksari, yaani kufupisha neno: mshairi ameangusha silabi moja ili mizani itimie. Karatasi iliyofuata nikataja inksari na mfano wake, nikasahau kueleza sababu. Nusu alama, nayo niliiombea!

*Mwalimu Kakamega:* Ninaposahihisha, kinachoniudhi zaidi ni huu wimbo wa "mshororo wa mwisho ni kibwagizo". Umeuona ukirudiwa ubeti wa pili? Wa tatu? Kama haurudiwi, ni kimalizio tu, na shairi hilo ni sabilia, lisilo na kibwagizo. Watoto wanakariri muundo kabla ya kusoma shairi lenyewe.

*Kijana wa Nakuru:* Mwalimu, nisaidie basi. "Mbwa" ni mizani ngapi? Hapa nyumbani tumegombana.

*Mwalimu Kakamega:* Mbili. M-bwa. Idadi sawa na mbuzi, ila hapa "m" inasimama peke yake.

*Kijana wa Nakuru:* Aah, nimepoteza soda.