Je, kolesteroli huleta saratani ya utumbo mpana, au tunaisingizia nazi?

Mkazi wa Mkomani
Assalam aleykum. Kamati ya wazazi ya shule anayosoma mwanangu hapa Lamu inataka chakula cha mchana cha watoto kisipikwe tena kwa tui, kwa hoja kwamba nazi hujaza kolesteroli mwilini, na kolesteroli huzaa saratani ya utumbo mpana. Uamuzi utapitishwa baada ya Ijumaa mbili. Hayo kwangu ni maswali mawili, na naomba tujadili la pili tu, kwa kuwa la kwanza twaweza kugombana hadi kusi igeuke kaskazi.

Bin Langoni
Naiunga mkono kamati. Sisi watu wa pwani tunakula kana kwamba kila siku kuna harusi, na mama zetu, kwa mapenzi yao, wanatuzika kwa upawa wa tui.

Mpishi wa Harusi
Ndugu Bin Langoni, nimepika harusi za mji huu kwa miaka 26 na sijaona jeneza likitolewa jikoni kwangu, ila nimekuona wewe na wenzako mkirudisha sinia mara ya pili. Kwa faida yako, nazi haina kolesteroli, kwa sababu kolesteroli hupatikana katika vyakula vinavyotokana na wanyama. Kamba mnaowasifu kuwa chakula chepesi wanayo kwa wingi, na kiini cha yai kadhalika. Usiwataje mama zetu kabla hujajua kilichomo chunguni.

Bin Langoni
Bi Mpishi, kamati imesema nazi "hujaza", haikusema "inayo", na hayo ni mambo mawili. Mafuta ya nazi ni ya ile jamii inayoganda penye baridi, na mafuta hayo huifanya kolesteroli mbaya ipande katika damu ya mlaji, hata kama ndani ya nazi yenyewe haimo. Mara ya pili ya sinia nakubali, lakini haina uhusiano na hoja.

Mpishi wa Harusi
Ina uhusiano mkubwa. Na watoto hawanywi tui kwa kikombe, wanakula mbaazi za nazi. Alikuwapo daktari wa Ireland, Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, akaandika mwaka 1971 au karibu na hapo kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mbaazi ni nini kama si nyuzinyuzi? Kamati ikiondoa tui, watoto hawatazigusa mbaazi, watakwenda kununua soseji za smoki langoni mwa shule.

Muuguzi Mstaafu, Malindi
Nawaamkia nyote. Nalirudia swali la ndugu wa Mkomani, ambalo naona limezama katika sufuria. Sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyo nayo haitoki mezani bali hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na ini hilo hilo huitumia kutengeneza asidi za nyongo zinazosaidia kumeng'enya mafuta. Asidi nyingi kati ya hizo hurudi kwenye ini, lakini kiasi kidogo huponyoka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzigeuza, na zikishageuzwa zinaweza kuuchubua ukuta wa utumbo na kuzichochea seli zake zijizidishe. Mlo wa mafuta mengi huongeza asidi hizo, na hapo ndipo watafiti wengi wanapoiona njia ya kufikia saratani. Hiyo ni njia ya nyongo, haisomeki katika kile kipimo cha damu unachopewa kwenye karatasi.

Kipimo cha damu kina kisa chake. Mwaka 1974 Geoffrey Rose wa Uingereza na wenzake waliripoti kwamba waliougua saratani ya utumbo mpana walikuwa wamekutwa na kolesteroli ya chini kuliko ilivyotarajiwa. Wako walioogopa kwamba kuishusha ni hatari, hadi ilipoonekana baadaye kuwa sehemu ya maelezo ni kwamba uvimbe wenyewe, ukiwa bado umejificha, unaweza kuishusha. Kisha mwaka 2005 utafiti wa Israel ukaonyesha kwamba watumiaji wa statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, waliugua saratani hii kwa karibu nusu ya kiwango cha wengine, lakini majaribio ambamo watu waligawiwa dawa kwa kura hayakuiona kinga hiyo, wala hayakuona kwamba dawa zinaleta saratani. Asiziache kwa hofu hiyo mtu aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo.

Bin Langoni
Shukrani, Mama, ila sentensi moja imenichoma. Ami yangu alipimwa kolesteroli ikakutwa ya chini, akaambiwa katika zahanati moja kwamba ana moyo wa kijana. Miezi yote hiyo alikuwa akitoka damu chooni, na kila aliyemweleza alimwambia ni bawasiri, akapewa dawa ya majani. Ilipojulikana ni saratani, ilikuwa imeshafika kwenye ini. Ndiyo maana siwezi kulichekea jambo hili.

Mpishi wa Harusi
Mungu amrehemu. Neno langu la sinia nimelirudisha.

Muuguzi Mstaafu, Malindi
Pole sana, mwanangu. Kwa mtu mmoja siwezi kusema kipi kilishusha kipi. Damu ile ndiyo iliyostahili kufuatwa, kwa sababu saratani hii mara nyingi huanza na vinyama vidogo vinavyoota utumboni na kuchukua miaka kama 10 kugeuka saratani, na vikionekana kwa kamera huondolewa hapo hapo. Bawasiri na saratani zote hutoa damu, na kwa macho huwezi kuzitenganisha.

Kijana wa Shela
Mmeipita smoki kama vile haikutajwa. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa asilimia 17 au 18.

Bin Langoni
Hiyo ni nyama ya nguruwe ya Wazungu. Sisi haituhusu.

Kijana wa Shela
Inatuhusu, Kaka. Kilichotajwa ni kusindika, yaani kutia chumvi, dawa za kuhifadhi na moshi, na smoki ya ng'ombe hupitia hayo hayo. Kuwa halali ni jambo jingine.

Mkazi wa Mkomani
Basi nitawauliza kamati ni nani kati yao amempangishia muuza smoki ile nafasi ya langoni.

Mpishi wa Harusi
Uliza, nasi tuambie jina la ukoo tu. Lamu ni ndogo.