Prado inachemsha kupandisha Mombo hadi Lushoto, tambarare haina shida: nianzie wapi?

MgosiTanga

Habari za majukumu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua injini. Gari ni Toyota Prado ya 1KZ-TE, dizeli yenye tabo, gia otomatiki. Kutoka Tanga kupitia Segera na Korogwe mpaka Mombo sindano ya joto inakaa chini kidogo ya katikati, AC inawaka muda wote, hakuna tatizo. Nikianza kupanda Lushoto na watu sita na mizigo, nikikaribia Soni sindano inaanza kupanda, na nikilazimisha inasogelea nyekundu. Nikisimama na kuacha injini ikizunguka taratibu, inarudi. Maji hayavuji popote ninapoona, ila kopo la akiba linajaa.

Fundi mmoja anataka kutoa themostati (ile vali inayofunguka maji yakipata joto) kabisa. Mwingine anasema ninunue rejeta. Kabla sijatoa hela, nikague nini kwanza? Na nikiwa mlimani tayari niendesheje?

FundiFeni

Mkuu, themostati isitolewe. Kwenye Toyota nyingi themostati ina sahani mbili. Ya kwanza ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani. Asubuhi gari litachelewa kupata joto, tambarare utaona limepona, mlimani litachemsha kuliko sasa. Kama unaishuku, ipime: iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bandika jikoni. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na maji yakifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Wakati wa kuirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae upande wa juu ili hewa itoke.

Sasa tatizo lenyewe. Barabara ya tambarare ukiwa mwendo wa 90, upepo wa mbele unafanya kazi yote, feni inaenda kutembea tu. Kupanda kutoka Mombo unatoka karibu mita 400 na kufika karibu mita 1,400 ndani ya kilomita kama 33, mwendo ni 30 au 40, dizeli inaungua nyingi na upepo wa mbele ni mdogo. Hapo kila kitu kinategemea feni na rejeta. Kwa hiyo kagua upepo kwanza, kwa sababu ni bure.

Feni ya gari lako inashikwa na kapi yenye mafuta ya silikoni ndani. Gari likiwa la moto, zima injini, toa ufunguo, kisha sukuma bapa la feni kwa mkono. Likataekatae. Likizunguka jepesi likapita mzunguko mmoja, kapi imechoka. Tazama pia mbele ya kapi: ukiona utelezi wa mafuta na vumbi limeganda, silikoni imevuja. Ikiwa nzima, joto likipanda mlimani utaisikia feni ikivuma kama lori linalokupita. Kama sindano imepanda na husikii mvumo wowote, mhalifu umempata. Kapi ambayo haijaharibika beringi inaweza kujazwa silikoni upya. Huuzwa kwenye vityubu vya mililita 18, na ile yenye namba ya uzito 10,000 hufanya feni ishike zaidi. Usiweke oili ya kawaida humo.

Kisha fungua grili, uangalie katikati ya kondensa ya AC na rejeta. Magari mengi yana zulia la mbegu za majani, wadudu na vumbi hapo katikati, na kwa nje huoni kitu. Piga maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume na uchafu ulivyoingia. Presha kubwa ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, halafu upepo haupiti tena. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni, kama mtu alilitoa akaliona halina kazi, lirudishe. Bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Upepo ukiwa sawa, nenda kwenye mirija. Gari likiwa la moto pitisha kipimajoto cha miale (kinachopima bila kugusa) juu ya uso wa rejeta. Joto lishuke taratibu kutoka maji yanapoingia kwenda yanapotokea. Ukikuta kiraka kimoja cha baridi katikati ya eneo la moto, mirija ya hapo imeziba. Gari lililonyweshwa maji ya kisima miaka mingi huishia hapo. Rejeta ya shaba hufunguliwa tangi na mirija ikasukumwa kwa fito. Ya aluminiamu yenye tangi za plastiki, mimi ningenunua nyingine kuliko kuihangaikia.

Dereva_Milimani

FundiFeni kamaliza upande wa kukagua, niongeze uendeshaji.

Usiiache D ijichagulie gia. Zima O/D (overdrive, ile gia ya juu ya mwendo kasi) kabla mlima haujaanza, na kwenye kona kali weka 2. Injini hiyo inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa hiyo ikae kati ya 2,500 na 3,000. Watu wanaogopa kelele, wanaiacha ivute kwenye 1,600 huku wamekanyaga mafuta mpaka chini. Hapo ndipo inapoungua: dizeli inaingia nyingi, pampu ya maji na feni zinazunguka polepole, na gia boksi inateleza ndani na kuzalisha joto lake. Kumbuka mafuta ya gia boksi yanapoozwa ndani ya tangi la rejeta hiyo hiyo, kwa hiyo joto la gia linaongezwa kwenye maji ya injini.

AC zima pale Mombo, usisubiri sindano. Kondensa inatema joto lake mbele ya rejeta, na kompresa nayo ni mzigo. Sindano ikisogea, fungua hita ya moto kabisa na feni yake mwisho, vioo chini. Abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Punguza mguu wa mafuta, shuka gia.

Ikizidi kupanda, tafuta mahali papana pasipo na kona. Weka N, breki ya mkono, inua mizunguko ifike 1,200 hadi 1,500, acha feni na pampu zifanye kazi. Ukizima ghafla maji yanasimama na hedi (kichwa cha injini) inaendelea kupokea joto la chuma, na tabo inabaki bila oili ikiwa ya moto.

Kapteni_Gasketi

Hapo kuna jambo moja la kuweka sawa. Kuiacha ikizunguka ni sahihi maji yakiwa bado yamo. Kama mpira umepasuka, mkanda umekatika, au mvuke unatoka kwa nguvu, zima papo hapo. Bila maji yanayozunguka, kila dakika ni hasara, na hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, inapinda na kupasuka.

Mfuniko wa rejeta usiguswe kabla ya nusu saa, na hata hapo minya kwanza mpira wa juu; ukiwa bado mgumu, subiri. Mfuniko wa presha ya baa 0.9 unafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118 kwa usawa wa bahari. Ukiufungua, presha inaondoka na maji ya nyuzi 110 yanageuka mvuke usoni mwako. Kwa urefu wa Lushoto maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa sababu kila mita 300 unazopanda zinapunguza karibu nyuzi moja. Mfuniko uliolegea mpira unaweza peke yake kukuchemshia gari juu huko na chini usikusumbue, na ndio kifaa cha bei ndogo kuliko vyote.

Kopo linalojaa nalo linasema kitu. Injini ikipoa usiku kucha maji yanatakiwa yarudi kwenye rejeta. Kama asubuhi kopo limejaa na rejeta imepungua, mfuniko hauvuti. Kama unaona mapovu kwenye kopo injini ikifanya kazi, au mpira wa juu unakuwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha gari la baridi, ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) au ufa wa hedi. Hapo rejeta mpya haitakusaidia.

MgosiTanga

Asanteni sana wakuu. Nimefungua grili, kweli katikati kuna tabaka la majani makavu na udongo, na feni inazunguka jepesi sana ikiwa ya moto. Maswali mawili: nikijaza kulanti (dawa ya kupoozea injini) mpya niweke vipi isibaki hewa? Na sindano ya dashibodi niiamini kiasi gani?

FundiFeni

Kulanti nusu, maji yaliyosafishwa ya betri nusu. Usichanganye nyekundu na kijani, zinaweza kugandana kama uji na kuziba mirija. Kama huijui iliyomo, mwaga, suuza mpaka maji yatoke meupe. Elekeza pua ya gari juu kwenye mwinuko, hita ya mbele na ya nyuma zote ziwe kwenye moto, mfuniko wazi. Jaza polepole, washa, minya mpira wa juu kwa mkono mara kwa mara. Themostati ikifunguka usawa utashuka ghafla. Jaza tena, funga. Kesho yake ikiwa baridi, ongeza.

Sindano usiiamini. Toyota za namna hii sindano inasimama palepale kwa wigo mpana wa joto, ikianza kusogea tayari umechelewa. Funga geji ya pembeni yenye namba, na kisoma joto chake kifungwe kwa bolti kwenye chuma cha hedi, kisiwe ndani ya mpira wa maji. Maji yakiisha, kile cha kwenye mpira kinapima hewa na kukuonyesha baridi wakati hedi inaungua. Weka kengele yake ilie kwenye nyuzi 100.