Naomba ushauri: ripoti ya mifupa inasema miaka 35 hadi 60, tuzike?

Wakuu, habari za saa hizi. Baba yetu mdogo aliaga anakwenda shambani mwaka 2019, akiwa na miaka 52, hakurudi. Mwezi uliopita wachoma mkaa walikuta mifupa porini pamoja na koti lililooza, kola imeshonewa uzi mwekundu kama la kwake. Ripoti inasema ni mwanamume wa miaka 35 hadi 60. Wazee wanataka tuzike. Mimi nasita.

Nilipouliza kwa nini pengo ni kubwa hivyo, nikaelezwa kuwa mtoto ni rahisi: meno yanayoota na ncha za mifupa zinazoungana. Ncha ya mtulinga upande wa kidari hufunga mwisho, kuelekea miaka 30. Baada ya hapo wanasoma uchakavu tu, kwenye mbavu na pale mifupa ya nyonga inapokutana mbele. Na baba mdogo kabeba magunia maisha yake yote!

Waliopitia haya, tudai DNA? Sampuli atoe mwanawe au shangazi, dada yake wa tumbo moja? Taya lina magego mawili, yatafaa? Shangazi keshaanza kuulizia bei ya sanda.