Wakuu, si kila picha mbovu ina "ukungu"! Mnawapoteza wanaojifunza

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana kijana mmoja kaleta picha ya mwanawe akicheza ndani, akauliza swali la mstari mmoja: kwa nini picha zangu zinatoka na ukungu? Nimesoma majibu yote mpaka usiku. Wa kwanza kamwambia anunue lenzi. Wa pili kamwambia anunue stendi. Wa tatu kamwambia kamera yake ya kitoto, ahamie fremu kamili, yaani kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga). Kuanzia wa nne hakuna tena aliyemkumbuka kijana, watu wameshikana mashati juu ya neno "boke", lile la mlainiko wa nyuma ya picha, linatamkwaje na kama lina herufi h mwishoni. Hakuna aliyemwuliza: ukungu gani?

Narudia, hakuna hata mmoja.

Inaniuma kwa sababu nilipitishwa njia hiyohiyo. Nilipoanza nilikuwa nawapiga picha watoto wa dada yangu wakikimbizana sebuleni jioni, kwa lenzi ile iliyokuja na kamera. Nikauliza kwa neno lilelile, ukungu, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. Nikaambiwa tatizo ni lenzi, nitafute ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu lake la mwanga linafunguka sana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Nikadunduliza, nikanunua. Watoto wakaendelea kutoka vilevile, na juu yake nikapata ugonjwa mpya: jicho moja la mtoto liko wazi, sikio limeyeyuka. Nikarudi kuuliza. Nikaambiwa mkono wangu unatetemeka, ninunue stendi. Nikanunua. Sasa sikilizeni kilichotokea: kiti kikatoka safi, kabati likatoka safi, nyuzi za zulia unaweza kuzihesabu, mtoto peke yake katoka kama moshi. Jibu lilikuwa limekaa pale pale mbele ya macho ya kila aliyeitazama picha ile. Nikaambiwa sensa yangu ndogo.

Ilipita miezi mpaka mzee mmoja wa siku nyingi kwenye fani hii alipoichukua picha, akaniuliza swali moja tu: "Humo ndani, ni kipi kilichotoka safi?" Nikamwambia vyote isipokuwa mtoto. Akasema basi kamera haina kosa, stendi haina kosa, mtoto ndiye aliyesogea shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, ikiwa wazi. Shata yangu ilikuwa 1/60 ya sekunde. Akanipeleka 1/500. Kazi ikaisha siku hiyohiyo, kwa vifaa vilevile.

Ndiyo maana nasema tunawaumiza watu. Neno moja tumelibebesha magonjwa yasiyopungua matano, na kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya huu haitibu ule.

Kuna picha ambayo fokasi, yaani pale lenzi ilipolenga pawe safi, imekwenda pengine. Hiyo utaijua haraka, kwa sababu lazima kuna kitu kingine mle ndani kilichotoka safi: ua la nyuma, bega badala ya uso, majani ya mbele. Kama umemsogelea mno mtu, kupita umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi, basi huenda hakuna kilicho safi. Dawa yake ni kuchagua mwenyewe nukta moja ya fokasi na kuiweka kwenye jicho lililo karibu nawe, usiiachie kamera ikuchagulie. Hapo shata ya kasi haisaidii chochote, na stendi haisaidii chochote.

Kuna picha ambayo mkono umetikisika. Hapo kila kitu kimeburuzwa, na kimeburuzwa kuelekea upande mmoja. Tafuta taa ndogo au mng'ao ndani ya picha: kama nukta ya mwanga imegeuka kamstari, ni mkono. Wazee wa filamu walikuwa na kipimo chao ambacho bado kinafaa, kwamba lenzi ya milimita 50 usiishike mkononi kwa shata iliyo polepole kuliko 1/50, ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200. Kwenye sensa ndogo zaidi ya fremu kamili ongeza kidogo, kwa hiyo ile 50 ipe 1/80. Huyu ndiye mgonjwa wa stendi. Huyu ndiye wa kubana viwiko mbavuni na kuegemea ukuta. Na huyu ndiye anayesaidiwa na ile mashine ya kutuliza mtikisiko, ambayo Canon wanaiandika IS na Nikon wanaiandika VR, na watu wanatoleana povu kama vile ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna ugonjwa ulionipata mimi, kitu kinachopigwa kimesogea. Stendi haiugusi. IS haiugusi, VR haiugusi, kwa sababu zinatuliza kamera, hazimtulizi mtoto. Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waasisi wa upigaji picha, alipiga picha mtaa wa Boulevard du Temple mjini Paris. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa kukamilika, kwa hiyo wote waliokuwa wakitembea wakafutika, mtaa ukatoka mtupu. Waliobaki ni mtu mmoja aliyesimama akipigiwa kiwi viatu na yule aliyekuwa akimpigia. Hakuna stendi ambayo ingewarudisha wale wapita njia. Dawa ni shata iende kasi, au flashi, basi.

La nne ni lile lililoletwa na lenzi yangu mpya. Fokasi ipo mahali pake, lakini kina chake ni chembamba mno. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8, kwa kamera yenye sensa ya APS-C (ile ndogo kuliko fremu kamili), ukisimama mita 1 kutoka kwa mtu, eneo lililo safi ni kama sentimita 3 tu kwenda mbele na nyuma kwa pamoja. Kichwa cha mtu kina zaidi ya hapo kutoka pua mpaka sikio! Ukienda f/8 unapata kama sentimita 13. Kumshauri mtu anayelia ukungu afungue tundu la lenzi hadi mwisho, bila kumwambia habari hii, ni kumtoa kwenye shimo moja na kumtia jingine.

Na sisemi lenzi ile ni mbaya. Ninayo mpaka leo na naipenda. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara 10, na mwanga huo ndio hasa niliouhitaji ili shata iende kasi. Ila hakuna aliyeniambia nikaupeleke huko. Nikaiacha kamera kwenye otomatiki, nayo ikautumia mwanga wote kushusha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikaiacha shata palepale polepole. Nilipewa dawa sahihi bila kuelezwa inanywewa vipi.

La tano ni chenga, zile nukta nukta zinazotapakaa kwenye picha. Nilipopanda 1/500 ilinibidi niende ISO 3200, picha ikawa na vichengachenga kwenye vivuli. Nikaileta kwa furaha maana kwa mara ya kwanza sura ya mtoto inaonekana akiwa hewani. Jibu la kwanza: "Bado ina ukungu mkuu." Chenga si ukungu, jamani! Chenga zinakuja kwa sababu mwanga uliofika kwenye sensa ni mchache, na mara nyingi picha yenye chenga ikichapwa kwenye karatasi hazionekani kabisa. Ukungu wa mwendo haufutiki kwa kuchapa. Nikilazimishwa kuchagua, nitabeba chenga kila siku.

Sasa kuna rafiki yangu humu, tunaheshimiana na tunabishana kila wiki, yeye anasema nakuza mambo. Hoja yake ni kwamba lugha ni ya watu, mtu akisema ukungu kila mmoja anaelewa kuwa picha haijatoka vizuri, na anayejifunza asibebeshwe istilahi siku ya kwanza. Nimemsikiliza na nusu ya hoja yake naikubali. Mgonjwa ana haki ya kuingia kwa daktari akasema "tumbo linauma." Hatakiwi kujua jina la ugonjwa. Lakini daktari hana haki ya kuishia hapo akaandika dawa. Anauliza: wapi, tangu lini, ukibonyezwa hapa vipi? Sasa sisi tunaojiita wenye fani, mgonjwa anasema tumbo, na papo hapo mmoja anampa dawa ya minyoo, mwingine anamwandikia upasuaji. Simlaumu kijana kwa kusema ukungu. Nawalaumu waliomjibu.

Tena rafiki huyohuyo aseme na hili neno "kali." Mtu anauliza, "Wakuu, picha hii ni kali?" Anataka kujua kama fokasi imeshika. Anajibiwa, "Kali sana mkuu, hongera," maana yake imependeza. Kijana anaondoka akiamini fokasi yake iko sawa, anakwenda kupiga picha za sherehe ya watu na fokasi ile ile iliyomkalia begani. Neno letu zuri, silikatai, lakini mtu akiuliza ukali mjibu ukali, na uzuri useme peke yake.

Ugomvi wa boke ndio uliochukua sehemu kubwa ya majibu ya jana, kwa hiyo ngoja niumalize. Neno ni la Kijapani, boke, na hutumika kwa ule mlainiko wa sehemu zilizo nje ya fokasi. Ile h iliongezwa mwaka 1997 kwenye jarida la Photo Techniques, mhariri wake Mike Johnston akitaka wasomaji wa Kiingereza watamke silabi ya mwisho vizuri. Sisi tunaotamka kila irabu hatuihitaji. Boke ni sura ya mlainiko, namna taa za nyuma zinavyoviringika na kingo zinavyoyeyuka. Si kipimo cha wingi wake. Kwa hiyo "ongeza boke" haina maana iliyo wazi, na kijana wa watu hakuuliza boke.

Na zumu nayo. Zumu ni lenzi inayobadilisha urefu wake wa fokasi, zile milimita, hata kama ni ya milimita 14 hadi 24 inayoona chumba kizima. Lenzi ya milimita 300 isiyobadilika inavuta mbali lakini si zumu. Nimeona mtu akiambiwa "nunua zumu" ili apige ndege wa mbali, akarudi na zumu inayoishia milimita 55.

Kuna mmoja jana kaandika kwamba picha isiyo safi ni takataka, ifutwe. Hilo nalipinga kwa nguvu zote. Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa karne ya 19, alipata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, akapiga sura za watu kwa ulaini ambao wakosoaji wa Uingereza walimcheka nao wakisema hajui kufokasi. Mwaka 1864 alimwandikia John Herschel, mwanasayansi ambaye tunamshukuru kwa kueneza hata neno fotografia, akihoji fokasi ni nini na nani mwenye haki ya kuamua iliyo halali. Leo picha zake zimo kwenye makumbusho makubwa. Tofauti ya Cameron na yule kijana ni kwamba mama yule aliutaka ulaini ule. Kijana hautaki, anataka kuona uso wa mwanawe. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kabla ya ushauri ni hili: ulitaka itoke vipi?

Na nimalize na ukungu wenyewe, ule wa kweli, maana huo upo. Kamera ikitoka kwenye chumba cha baridi kali kuingia kwenye joto lenye unyevu, kioo kinafunikwa na mvuke. Usifute kwa shati. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje taratibu. Kisha kuna ukungu ule wa pili, ule unaoota kwenye mkate na nguo zilizokaa na unyevu. Huo huota ndani ya lenzi pia! Unamulika kwa tochi unaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na ukiachwa unakula tabaka la juu la kioo, hautoki tena. Kuna mtu aliwahi kuandika kwa Kiswahili fasaha kabisa, "Lenzi yangu ina ukungu," watu wakamjibu aongeze shata. Alikuwa na lenzi inayooza. Alitakiwa aitenge na zile nyingine, aipeleke kwa fundi upesi, na zilizobaki aziweke pakavu na vifuko vya silika jeli vinavyonyonya unyevu. Sisi tukampa 1/250.

Wewe uliyeuliza jana, kama bado upo na hatujakukatisha tamaa: nimeivuta picha yako mpaka mwisho. Pazia nyuma ya mwanao ni safi, mistari yake yote naiona. Miguu ya meza ni safi. Uso wake umeburuzwa kwenda kulia, mkono hauonekani kabisa. Usinunue kitu. Weka kamera kwenye hali ya kuchagua shata, kwa Canon imeandikwa Tv, kwa Nikon imeandikwa S, anza na 1/500, ISO iache ipande yenyewe, mpige karibu na dirisha mchana. Ukiona chenga usiogope. Ulete picha hapa, na useme shata ilikuwa ngapi na tundu lilikuwa ngapi, nitakuwa naingia kila jioni.

Nawasilisha.