Nani ameweka "caution" kwenye kiwanja cha Babu?

Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Nimetoka ofisi ya ardhi sasa hivi. Karatasi ya search ya kiwanja cha Babu cha Mtwapa, ile inayoonyesha mwenye ardhi na vizuizi vyake, nimeipata, lakini kuna jambo. Pale panapoandikwa vizuizi pana neno moja kwa herufi kubwa: CAUTION. Tarehe yake ni ya mwezi uliopita.

Ami Nassor: Waalaykum salaam. Maana yake nini? Kiwanja kimeuzwa?

Zuhura: Hapana Ami. Jina la Babu liko pale pale. Karani amenieleza kuwa ikiwekwa caution hakuna anayeweza kusajili mauzo wala rehani mpaka iondolewe.

Ami Nassor: Nani aliyeiweka? Msimamizi wa mirathi ni mimi. Hakuna aliyenijia wala kunipigia simu. Huu ni wizi mtupu!

Maimuna wa Muscat: Ya Rabbi. Ami tulia kwanza, presha yako hiyo.

Ami Nassor: Zuhura, hiyo karatasi haina jina?

Zuhura: Jina lipo Ami. Naona afadhali mwenyewe aseme.

Shangazi Rukia: Niliyeiweka ni mimi.

Shangazi Rukia: Kaka Nassor, usikasirike kabla hujanisikia. Jirani yetu wa Mtwapa alinipigia simu, kaona dalali kamleta mtu, wanapima hatua kutoka mwembeni mpaka barabarani. Dalali anasema warithi wameshakubali kuuza. Nikakutafuta, simu yako haishiki, ulikuwa Lamu. Asubuhi yake nikaenda kwa wakili, nikaapa kiapo, nikapeleka fomu kwa msajili. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 71, inamruhusu mwenye haki katika ardhi kufanya hivyo.

Ami Nassor: Mimi nimesoma Rukia. Caution ni onyo. Polisi akimkamata mtu humpa caution kabla hajaandika maelezo. Nimekosa nini hata nionywe na dada yangu mdogo, tena kwa mhuri wa serikali?

(Hakuna aliyeandika kitu kwa muda.)

Ami Shee: Shikamoo kaka. Nimesomesha Kiingereza mpaka nikastaafu, niruhusu niseme juu ya neno hilo, maana naona ndilo linalokuchoma kuliko kiwanja chenyewe.

Ami Nassor: Marahaba. Sema.

Ami Shee: "Caution" limetoka kwa Warumi. Kitenzi chao kilikuwa cavere, kujichunga. Kule Pompeii wamefukua nyumba yenye picha ya mbwa mlangoni imepangwa kwa vijiwe sakafuni, na chini yake imeandikwa CAVE CANEM, jichunge na mbwa. Ni yale yale ya kibao cha MBWA KALI kwenye mageti yetu. Lakini katika sheria ya Kirumi cautio ilikuwa dhamana. Mtu akikopeshana na mwenzake, huandikiana cautio ili kila mmoja awe na amani. Wafaransa mpaka leo wakisema "caution" wanamaanisha pia ile amana anayoweka mpangaji kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Kwa hiyo neno lililo kwenye karatasi ya Zuhura halina harufu ya kosa hata kidogo. Ni kinga.

Shangazi Rukia: Na inanifunga na mimi. Sijajipa kiwanja. Hata nikitaka kuuza kesho, siwezi.

Faiz: Ami Shee, na "warn"? Kwenye mpira kadi ya njano wanaita caution, lakini mtangazaji husema mchezaji amekuwa "warned". Ni kitu kimoja?

Ami Shee: Yamekutana uzeeni tu Faiz, hayakuzaliwa nyumba moja. "Warn" ni mzaliwa wa Uingereza, ameingia na makabila ya Kijerumani kabla hata hapajawa na nchi inayoitwa England. Katika Kiingereza cha kale ni warnian. Kinachonifurahisha ni kwamba warnian ilifanya kazi mbili. Ilikuwa kumwambia mwenzako kwamba kuna hatari, na ilikuwa pia wewe mwenyewe kujichunga. Sisi tuna tahadhari na tahadharisha, tumeongeza mkia kidogo kutenganisha. Wao waliziweka zote katika neno moja. Ndugu zake ni "aware", "wary" na "beware", yote ni mambo ya kukaa macho.

Ami Shee: Sasa angalieni mambo ya W na G. Wafranki walikuwa Wajerumani walioteka nchi ambayo leo ni Ufaransa. Maneno yao yaliyoanza na W, ndimi za wenyeji wa Paris ziliyageuza yakaanza na G. Wanormani wa kaskazini wakabaki na W. Mwaka 1066 Wanormani wakaiteka Uingereza wakaleta ya kwao, na karne zilizofuata yakaingia na ya Paris. Ndiyo maana Kiingereza kina "warden" na "guardian", "warranty" na "guarantee". Neno moja limeingia kwa milango miwili.

Zuhura: Kwa hiyo waranti ya simu yangu na garanti ni kitu kimoja?

Ami Shee: Asili moja kabisa. Na gereji pia imo katika ukoo huo wa kuangalia na kuhifadhi. Wafaransa walikuwa na kitenzi garer, kukiweka chombo mahali salama, na mpaka leo wakitaka kumzindua mtu husema "gare!", yaani angalia! Fundi wa pale Majengo anayekutengenezea gari anafanya kazi chini ya neno la tahadhari.

Shangazi Rukia: Shee, na "garnishee" je? Hilo nimelishika mikononi miaka yote niliyokaa masijala ya mahakama.

Faiz: Garnish si kupamba chakula? Kutia dania juu ya biriani?

Ami Shee: Rukia amegusa penyewe. "Garnish" ni "warn" aliyepita Paris. Garnir ya Kifaransa cha zamani ilikuwa kuitayarisha ngome, kuitia silaha na chakula, kwa sababu aliyetahadharishwa hujitayarisha. Kutoka kutayarisha ikawa kuvalisha, ikawa kupamba, ndiyo hiyo dania ya Faiz. Lakini wanasheria wa Uingereza waliandika Kifaransa kwa karne kadhaa, na kwao ilibaki na maana yake ya kale ya kumpa mtu ilani.

Shangazi Rukia: Basi nieleze namna inavyofanya kazi, maana watu wengi hushtuka. Tuseme Ali anamdai Juma, ameshinda kesi, Juma halipi. Lakini Juma ana pesa benki. Ali anakwenda mahakamani chini ya Amri ya 23 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Mahakama inaiandikia benki amri: hizo pesa za Juma mlizo nazo, msimpe, njooni mtueleze kwa nini asilipwe Ali. Benki ndiyo garnishee. Haijakosa lolote, haidaiwi na Ali hata senti. Nimeona mameneja wa benki wanakuja masijala jasho linawatoka, wanadhani wameshtakiwa. Nilikuwa nawaambia, wewe umejulishwa tu ili usije ukatoa pesa kwa mtu asiyefaa.

Ami Nassor: Unajaribu kuniambia mimi ndiye benki.

Shangazi Rukia: Kaka, nakwambia hukushtakiwa. Nilimzuia dalali. Wewe ni msimamizi, na mimi ni mrithi, na Kadhi bado hajagawa.

Maimuna wa Muscat: Ami Shee, "warn" ni Kijerumani pia sivyo? Mwanangu anasoma shule ya kimataifa hapa, ameniambia Wajerumani wanasema "warnen". Halafu akaniuliza kwa nini kenge kwa Kiingereza ni "monitor". Sikuwa na jibu.

Ami Shee: Maimuna! Huko Oman kenge wanamwitaje?

Maimuna wa Muscat: Waral. Wengine utasikia waran.

Ami Shee: Jibu lipo hapo hapo. Wataalamu wa Ulaya walilichukua jina hilo la Kiarabu, na mpaka leo jina la kitaalamu la kenge ni Varanus. Wajerumani waliposikia "waran" wakadhani ni warnen yao, wakamwita Warneidechse, mjusi mwenye kuonya. Jina likazaa hadithi, kwamba kenge humtahadharisha mtu mamba akiwa karibu. Waliotaka kuliweka kwa Kilatini wakatafuta mwonyaji, na kwa Kilatini mwonyaji ni monitor. Kiingereza kikalichukua hivyo hivyo. Neno la Kiarabu limesikiwa kwa sikio la Kijerumani, likavishwa Kilatini, likatua darasani kwa mwanao Muscat.

Faiz: Na sisi tunasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Hakuna mahali anapomwonya mtu!

Ami Shee: Huyo haonyi mtu, anatafuta mayai ya kuku. Lakini monita wa darasa lenu, jina lake ni hilo hilo. Kazi yake ni kuonya kabla mwalimu hajaingia, si kuandika majina ya wenzake kwa siri. Hilo nililisema kila shule niliyosomesha.

Bibi Mwanaidi (anaandikiwa na Faiz): Nimesomewa yote. Nassor, umekula?

Ami Nassor: Shikamoo Mama. Nimekula.

Bibi Mwanaidi (anaandikiwa na Faiz): Marahaba. Mimi hayo ya Wazungu siyajui. Babenu alikuwa akisema asiyeangalia huishia ningalijua. Rukia ameangalia. Lakini Nassor ana haki ya kuuliza kwa nini habari imemfika kwa mdomo wa mtoto. Mtu haonywi kwa nyuma.

Ami Shee: Mama amesema neno. Na Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono. Pona huzaa ponya, ona huzaa onya. Kumwonya mtu ni kumfanya aone. Asipoona, hakuonywa, hata kama zimeandikwa barua mia.

Faiz: Kadi ya njano ilitoka kwenye shida hiyo hiyo! Kombe la Dunia 1966, Uingereza na Argentina uwanja wa Wembley. Refa alikuwa Mjerumani, nahodha wa Argentina, Rattín, alitolewa na hawakuelewana lugha hata kidogo. Na ndugu wawili wa Uingereza, Bobby na Jack Charlton, walikuwa wameonywa na hawakujua mpaka mechi imeisha. Mwingereza mmoja aliyesimamia marefa, Ken Aston, akawa anaendesha gari London akaziona taa za barabarani, akapata wazo: njano jihadhari, nyekundu toka. Zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico.

Ami Nassor: Basi kadi yangu mimi ilikwenda wapi? Rukia, msajili si hutoa taarifa?

Shangazi Rukia: Hutoa. Sheria inamtaka amjulishe mwenye ardhi. Lakini mwenye ardhi kwenye daftari ni Baba, na anwani yake ni lile sanduku la posta. Barua imemwendea marehemu.

Zuhura: Na sanduku hilo nani hulifungua?

Shangazi Rukia: Tangu Baba afe, sijui.

Ami Nassor: Hakuna. Ufunguo sikupewa mimi.

Ami Nassor: Na nieleze hili la dalali, mkalijua wote. Ni kweli alinifuata msikitini baada ya Ijumaa akanitajia bei. Nikamwambia mirathi haijagawanywa, aondoke. Sikumruhusu apime hata unyayo. Kama anazunguka akitaja warithi, anatumia jina letu bila idhini.

Shangazi Rukia: Hilo nalikubali kaka. Sikukushuku wewe. Ningekushuku ningekwenda kwa Kadhi, nisingekwenda ofisi ya ardhi.

Ami Nassor: Sawa. Sasa itaondolewa vipi?

Shangazi Rukia: Kuna njia tatu. Niiondoe mwenyewe, ambayo ni fomu tu. Au mahakama iamuru. Au wewe umwombe msajili, naye aniandikie mimi kunionya kwamba muda aliotaja ukipita bila pingamizi langu, ataifuta. Hapo mwenye kuonya naye huonywa. Na ningeiweka kwa chuki bila sababu ya maana, ningelazimika kulipa fidia ya hasara iliyotokea. Sikuiweka kwa mchezo.

Ami Nassor: Usiiondoe bado.

Shangazi Rukia: Una hakika?

Ami Nassor: Ikae mpaka Kadhi agawe na kila mtu apate fungu lake kwa maandishi. Lakini nitaandika barua kama msimamizi, msajili abadilishe anwani ya taarifa, iwe yangu na yako zote mbili. Shee, unisaidie Kiingereza chake. Na huyo dalali nitamwita, Zuhura uwepo na hiyo karatasi mkononi aione kwa macho yake.

Ami Shee: Nitaiandika leo leo. Na Faiz, mwalimu akikuuliza tofauti ya "warn" na "threaten", usimjibu kwa kamusi tu. Anayekutisha anataka kitu kwako. Anayekuonya anataka ubaki na kilicho chako.

Maimuna wa Muscat: Namsomea mwanangu hii ya kenge sasa hivi.

Zuhura: Bibi, ufunguo wa sanduku la posta unao wewe?

Bibi Mwanaidi (anaandikiwa na Faiz): Uko kwenye kopo la buni, kabatini, pamoja na stakabadhi za kodi ya ardhi. Njoo uchukue. Na hizo stakabadhi uzitazame, ya mwaka huu sina hakika kama imelipwa.

Zuhura: Nakuja Bibi. Posta wanafunga saa kumi na moja.